Dawa za mimea na saratani iliyosambaa: somo kutoka Shimba Hills

Je, kuna mti unaotibu saratani iliyokwisha kusambaa mwilini? Hili ni moja ya maswali tunayoulizwa sana kila tunapozungumzia afya hewani, na mara nyingi anayeuliza ana mgonjwa nyumbani. Jibu lina pande mbili. Ndiyo, baadhi ya dawa zinazotumika leo hospitalini kutibu saratani iliyosambaa zilianzia kwenye mimea, na historia ya mojawapo inapita hapa hapa pwani, katika Shimba Hills, Kaunti ya Kwale. Lakini hapana, kuchemsha mti huo au mwingine wowote na kuunywa hakujathibitishwa kuzuia wala kutibu saratani iliyosambaa, na kwa baadhi ya miti kunaweza kukuua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Kati ya majibu hayo mawili kuna kazi ya zaidi ya miaka 40. Tumeandika makala haya ili wewe msomaji uione kazi hiyo hatua kwa hatua, na ujue la kufanya unapoletewa chupa ya dawa mlangoni ukiambiwa inamaliza saratani.

Saratani husambaa vipi?

Saratani huanza pale seli za sehemu moja ya mwili zinapoacha kutii utaratibu wa kawaida wa kukua na kufa. Zinaongezeka na kufanya uvimbe. Uvimbe ukiwa bado mahali pamoja, daktari anaweza kuukata, kuuchoma kwa mionzi, au kufanya yote mawili, na wagonjwa wengi hupona.

Shida kubwa huja seli hizo zinapong'oka kwenye uvimbe wa kwanza, zikaingia kwenye mishipa ya damu au ya limfu, zikasafiri na kwenda kuota kwingine. Saratani ya titi, kwa mfano, hupenda kwenda kwenye mifupa, mapafu, ini na ubongo. Wengi hudhani mgonjwa huyo sasa ana saratani nyingine ya ini au ya mfupa. Sivyo. Saratani ya titi iliyohamia kwenye mfupa bado ni saratani ya titi, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya titi. Kusambaa huku ndiko kunakosababisha sehemu kubwa ya vifo vya saratani.

Ugonjwa ukifika hapo kisu hakiwezi kuufuata kila mahali. Inahitajika dawa inayozunguka na damu. Dawa ya namna hiyo inaweza kufanya kazi kwa njia mbili: kuziua seli za saratani popote zilipojificha, au kuzizuia zisitembee na kuota makao mapya. Dawa zote zenye asili ya mimea zinazotumika hospitalini tutakazozitaja hapa hufanya kazi hasa kwa njia ya kwanza. Njia ya pili bado iko zaidi maabara.

Mti wa Kwale

Kuanzia mwaka 1960, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliendesha mpango mkubwa wa kukusanya mimea kutoka pembe nyingi za dunia na kuipima kama inaweza kuua seli za saratani. Miongoni mwa sampuli zilizofika Marekani ulikuwemo mmea kutoka Ethiopia wa kundi la Maytenus. Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walitangaza kwamba wamepata ndani yake molekuli kali sana, wakaiita maytansine.

Ili uelewe ukali wake, fikiria seli inapogawanyika kuwa mbili. Ndani yake hujengwa nyuzi nyembamba za protini ambazo, kama kamba, huvuta nusu ya vinasaba upande huu na nusu upande ule. Maytansine huzuia nyuzi hizo zisijengeke. Seli hukwama katikati ya kugawanyika, kisha hufa. Kwa kuwa seli za saratani hugawanyika ovyo, sumu ya aina hii huziumiza sana.

Tatizo lilikuwa kiasi. Katika kilo nzima ya mmea ule wa Ethiopia mlikuwa na chini ya miligramu moja ya molekuli hii. Wakatafuta ndugu zake wenye nayo kwa wingi zaidi, na mmoja wao, Maytenus buchananii, walimpata katika msitu wa Shimba Hills. Katika miaka ya 1970 zilikatwa zaidi ya tani 25 za mti huo na kupelekwa Marekani. Msomi Mkenya Calestous Juma aliandika mwaka 1989 kwamba wakusanyaji hao walitegemea ujuzi wa Wadigo, ambao tangu zamani walikuwa wakiutumia mti huo kama dawa.

Sumu isiyojua mgonjwa wala ugonjwa

Dawa ikaanza kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani nchini Marekani, na matumaini yalikuwa makubwa. Matokeo yakawa mabaya. Wagonjwa walitapika, waliharisha, walidhoofika sana, na wengine waliumia mishipa ya fahamu. Uvimbe uliopungua ulikuwa wa wachache mno. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaribio ya maytansine yaliachwa.

Sababu ni hii. Sumu hiyo haikuwa na macho. Ikiingia mwilini huua seli yoyote inayogawanyika: ya saratani, ya utumbo, ya uboho unaotengeneza damu. Kiasi cha kutosha kumaliza saratani kilikuwa kikubwa mno kwa mwili kukistahimili.

Hapa tunaomba usimame kidogo. Hii ilikuwa molekuli safi, iliyopimwa kwa miligramu, ikitolewa na madaktari wa saratani katika hospitali zenye kila kifaa, na bado iliwaumiza wagonjwa kuliko ilivyowasaidia. Sasa mfikirie mtu anayechemsha gome la mti wa jamii hiyo kwenye sufuria, bila mizani, na kumpa mgonjwa kikombe asubuhi na jioni.

Namna sumu ilivyopewa anwani

Maytansine haikutupwa. Wanasayansi waliuliza: kama tatizo ni kwamba haijui pa kwenda, je, inawezekana kuipeleka?

Katika saratani ya titi, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano au sita huwa na seli zilizojaa kupita kiasi protini iitwayo HER2 kwenye ukuta wake wa nje. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo trastuzumab. Hii ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ambayo hutafuta HER2 na kuishika. Ifikirie kama bodaboda aliyepewa anwani ya nyumba moja tu.

Wataalamu waliichukua molekuli ya jamii ya maytansine, wakaibadilisha kidogo, wakaifunga kwenye trastuzumab kwa kiungo kisichofunguka ovyo katika damu. Kila kingamwili hubeba kwa wastani molekuli tatu na nusu za sumu. Kingamwili ikifika kwenye seli yenye HER2 huishika, seli huimeza pamoja na mzigo wake, na sumu hufunguliwa mle ndani. Dawa hii huitwa trastuzumab emtansine, au kwa kifupi T-DM1.

Katika jaribio lililoitwa EMILIA, wagonjwa 991 wenye saratani ya titi ya HER2 iliyosambaa au isiyoweza kukatwa waligawanywa makundi mawili. Nusu ya waliopewa T-DM1 waliishi zaidi ya miezi 30.9. Kwa waliopewa matibabu yaliyokuwa yakitumika wakati huo, nusu waliishi zaidi ya miezi 25.1, na madhara makali kwao yalikuwa mengi zaidi. Februari 2013 Marekani iliidhinisha dawa hiyo.

Karibu miezi 6 ya ziada. Kwa mwenye afya inaweza kuonekana kidogo, lakini kwa mama mwenye watoto wadogo ni muhula mzima wa shule na zaidi. Hata hivyo tuseme ukweli: hiyo haikuwa tiba ya kuumaliza ugonjwa uliosambaa. Ilikuwa njia ya kuurudisha nyuma kwa muda. T-DM1 pia ina madhara yake, hasa kushusha chembe za damu zinazogandisha na kuumiza ini, ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara.

Habari njema zaidi ilikuja mwishoni mwa 2018, katika jaribio la KATHERINE. Hapa wagonjwa 1,486 walikuwa bado hawajafikia hatua ya kusambaa. Walipewa dawa kwanza, wakapasuliwa, na baada ya upasuaji mabaki ya saratani yakaonekana, dalili kwamba hatari ya kurudi ni kubwa. Baada ya miaka 3, waliokuwa hai bila saratani hatari kurudi walikuwa asilimia 88.3 kwa T-DM1, na asilimia 77.0 kwa trastuzumab peke yake. Hatari ilipungua kwa nusu. Yaani sumu ile ile iliyoshindwa kwa wagonjwa mahututi, ikipelekwa panapostahili na mapema, husaidia kuzuia kusambaa kabla hakujaanza.

Je, dawa hii bado inatoka Shimba Hills? Hapana. Malighafi yake sasa hutoka kwa bakteria wanaokuzwa kwenye matangi, ambao hutengeneza molekuli ya jamii ile ile. Watafiti pia wamegundua kwamba katika baadhi ya mimea ya ukoo huo, maytansine hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya mizizi. Kwa hiyo atakayekuuzia gome akisema hospitali zinalitumia, anakudanganya.

Mimea mingine iliyofika hospitalini

Mti wa Kwale hauko peke yake.

Lipo ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, lenye petali tano, linaloota kando ya nyumba nyingi za pwani. Asili yake ni Madagaska. Watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, walilichunguza katika miaka ya 1950 wakidhani litasaidia kisukari. Badala yake waliona linashusha seli nyeupe za damu, na humo ikapatikana vinblastine. Nyingine ya ua hilo hilo, vincristine, iliidhinishwa Marekani mwaka 1963. Hii imeokoa watoto wengi wa Afrika Mashariki wenye uvimbe wa taya unaokua kwa kasi, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka 1958. Saratani hiyo, hata ikiwa imeenea, mara nyingi hupona ikitibiwa kwa vincristine na dawa nyingine kwa pamoja.

Paclitaxel ilitoka kwenye gome la mti wa magharibi mwa Marekani uliokusanywa mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani walitangaza umbo la molekuli yake mwaka 1971, na Susan Horwitz akaonyesha mwaka 1979 jinsi inavyofanya kazi: inazigandisha zile nyuzi za seli zisiweze kufunguka. Iliidhinishwa mwaka 1992 kwa saratani ya ovari, kisha kwa saratani ya titi iliyosambaa. Wall na Wani hao hao, mwaka 1966, walikuwa wamepata camptothecin kutoka kwenye mti wa China. Kutokana nayo ilitengenezwa irinotecan, inayotumika kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa.

Camptothecin imezaa pia mzigo wa kingamwili mpya zaidi, trastuzumab deruxtecan. Ilipolinganishwa na T-DM1 kwa saratani ya titi ya HER2 iliyosambaa, katika matokeo ya mwaka 2021, baada ya miezi 12 asilimia 75.8 ya wagonjwa hawakuwa wameona ugonjwa ukisonga mbele, dhidi ya asilimia 34.1. Mtoto wa mti wa China amempita mtoto wa mti wa Kwale, na mgonjwa ndiye aliyefaidika.

Vipi kuhusu binzari, habasoda, mwarobaini na stafeli?

Hizi ndizo tunazotajiwa kila wiki, na hatutaki kuzidharau. Molekuli ya binzari ya manjano iitwayo curcumin, na ile ya habasoda iitwayo thymoquinone, zimewahi kupunguza mwendo wa seli za saratani kwenye sahani za maabara na kwa panya. Mwarobaini nao una molekuli zinazochunguzwa. Lakini hakuna hata moja iliyoidhinishwa kutibu saratani, iliyosambaa au isiyosambaa.

Sahani ya maabara si mwili. Hata maji ya chumvi nyingi huua seli za saratani kwenye sahani. Curcumin ikimezwa, ni kidogo sana inayofika kwenye damu, na hiyo kidogo huvunjwa upesi. Kuweka binzari kwenye mchuzi hakuna neno. Kumeza vidonge vyake vizito ni jambo jingine, kwani vimewahi kuhusishwa na kuumia kwa ini.

Stafeli linahitaji onyo la peke yake. Tunda kwa kiasi ni chakula. Lakini majani na mbegu zake zina annonacin, ambayo ni sumu kwa seli za fahamu. Katika kisiwa cha Guadeloupe, kwenye bahari ya Karibi, watafiti wamehusisha matumizi ya muda mrefu ya mimea ya jamii hiyo na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili. Kunywa chai ya majani ya mstafeli kila siku kwa miezi si jambo la kulichukulia kirahisi.

Deni la Kwale

Zipo pia haki za wenye msitu. Tani zile zilipoondoka, hapakuwa na mkataba wa kimataifa uliowalazimu wakusanyaji kuomba ridhaa au kugawana faida. Maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai yalipitishwa Nairobi Mei 1992 na kutiwa saini Rio de Janeiro mwezi uliofuata. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaeleza zaidi jinsi ya kugawana faida ya mimea na ya ujuzi wa wenyeji.

Tunalisema hili kwa sababu mbili. Kwanza, wazee wanaojua miti ni hazina, na ujuzi wao unastahili kuandikwa na kulindwa katika taasisi zetu wenyewe, kama Taasisi ya Tiba Asili iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Muhimbili jijini Dar es Salaam. Pili, kuheshimu ujuzi huo hakumaanishi kuacha kuupima. Maytansine inatuonyesha kwamba mti unaweza kuwa na nguvu ya kweli na bado usifae kunywewa.

Ukiwa mgonjwa, au ukiuguza

Uvimbe usiouma kwenye titi, kidonda kisichopona, damu isiyo ya kawaida ukeni au kwenye choo, kukohoa kusikoisha au kukonda bila sababu: nenda ukapimwe kwanza. Wengi katika kanda yetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na miezi iliyopita wakijaribu chupa hii na ile haiwezi kurudishwa. Saratani haikungoji umalize dozi ya mizizi.

Ukiambiwa ni saratani ya titi, uliza kama kinyama kilichochukuliwa kimepimwa HER2 na homoni. Majibu hayo ndiyo yanayoamua dawa. Trastuzumab iko kwenye Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Zile mpya zaidi ni ghali, kwa hiyo uliza mapema kuhusu bima na misaada iliyopo katika hospitali yako.

Kama unatumia dawa ya kienyeji, mwambie daktari au muuguzi, hata kama unaona aibu. Ukiweza, mpelekee yenyewe. Baadhi ya mimea, na hata tunda kama balungi, huzuia mwili usivunje dawa za hospitali, na dozi iliyokuwa salama ikageuka sumu. Mingine huongeza hatari ya kutokwa damu wakati wa upasuaji.

Anayekuuzia dawa muulize mambo manne. Imejaribiwa kwa watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Kipimo chake ni kipi? Madhara yake ni yapi? Akikujibu kwamba haina madhara kabisa kwa kuwa ni ya asili, kumbuka kwamba maytansine nayo ilikuwa ya asili.

Na ikiwa ugonjwa umeshasambaa, usimwache mgonjwa wako na maumivu mkitafuta muujiza. Uliza kuhusu huduma shufaa. Morifini, dawa kuu ya maumivu makali ya saratani, nayo ilitoka kwenye mmea, na katika dozi iliyopimwa na mtaalamu humwezesha mgonjwa kulala usiku na kuzungumza na watu wake mchana.